Maniema: Kiongozi wa waganga akiondoka, daftari linabaki na nani?

Kiongozi wa chama cha waganga akifariki, akizeeka ama akiondolewa, wanachama hujiuliza kwanza ni nani atakaa kwenye kiti chake. Wagonjwa wana swali lingine, na lao ni zito zaidi: daftari la majina ya wale wanaokubaliwa kutibu linabaki mikononi mwa nani, na mtu akitibiwa vibaya ataenda kulalamika wapi?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa wakaaji wa Obokote. Sekta hiyo ni moja kati ya mbili za teritwari ya Lubutu, pamoja na Bitule, kaskazini mwa jimbo la Maniema. Kindu, makao makuu ya jimbo, iko mbali, kando ya mto Lualaba, na kwa watu wa Lubutu njia ya kwenda Kisangani ni fupi kuliko ile ya Kindu. Mtu anayetaka kufikisha malalamiko kwenye ofisi ya jimbo anahesabu kwanza siku za safari na feza za njia. Mara nyingi anaishia hapo, anarudi nyumbani na kunyamaza.

Huko, kama sehemu nyingi za mashariki mwa Kongo, mgonjwa ana milango mingi ya kubisha. Kuna daktari mwenye diploma, yule ambaye watu humwita munganga. Kuna muuguzi wa kituo cha afya. Kuna mganga wa kienyeji anayejua majani na mizizi, na kuna muuzaji wa dawa sokoni ambaye hakuna anayejua alisomea wapi. Daktari ana Chama cha Taifa kinachomsimamia, yaani Ordre des médecins. Wengine wanategemea vyama vyao wenyewe, na nguvu ya vyama hivyo mara nyingi ni nguvu ya mtu mmoja aliyeko juu.

Mtu huyo akiondoka, chama kinaweza kuendelea, kugawanyika ama kufa. Mifano iko, na mmoja ulio wazi zaidi unatoka kwa madaktari wa homeopatia. Vyama vyao ni vya kale, na ugomvi wao juu ya uongozi uliandikwa hadharani tangu mwanzo.

Chama kilichozaliwa kwenye sherehe ya mzee

Homeopatia ilianzishwa na Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani aliyezaliwa mji wa Meissen mwaka 1755. Mwaka 1790, alipokuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha William Cullen wa Scotland, alijaribu mwilini mwake gamba la mti wa kinkina. Watu wa Kivu wanalijua gamba hilo: ndilo linalotoa kwinini, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimelifanyia kazi kwa miaka mingi. Hahnemann aliandika kwamba alipata dalili zinazofanana na homa ya vipindi, ile ile ambayo gamba hilo lilitumiwa kuitibu. Kutokana na hapo akajenga fundisho lake, kwamba kinacholeta dalili kwa mtu mzima kinaweza kuondoa dalili kama hizo kwa mgonjwa, kikitolewa kwa kipimo kidogo sana. Kitabu chake kikuu, Organon, kilitoka mwaka 1810.

Tarehe 10 Agosti 1829 wanafunzi na wafuasi wake walikusanyika mji wa Köthen kusherehekea miaka 50 tangu apate digrii yake ya udaktari. Siku hiyo hiyo waliunda chama cha madaktari wa homeopatia. Chama hicho bado kiko leo, kikiitwa Deutscher Zentralverein homöopathischer Ärzte.

Kila mtu anayejua vyama vya Maniema ataitambua namna hiyo ya kuzaliwa. Chama kinaanzishwa kwa ajili ya heshima ya mzee mmoja. Jina lake ndilo linalovuta watu, na neno lake linatosha kumaliza ubishi. Wakati huo wa furaha hakuna anayetaka kuuliza mzee ana uwezo gani katika chama, na uwezo huo unaishia wapi.

Barua iliyogawa chama

Jibu lilikuja baada ya miaka mitatu. Madaktari wa Leipzig, mji mkubwa wa jirani, walikuwa wanakusanya feza za kujenga hospitali ya kwanza ya homeopatia. Aliyekuwa mbele yao ni daktari Moritz Müller. Müller na wenzake walitumia dawa za Hahnemann, lakini hawakukataa kabisa njia nyingine za kutibu walipoona mgonjwa anazihitaji. Kwao huo ulikuwa uhuru wa daktari. Kwa Hahnemann, aliyekuwa anaishi Köthen na umri wake ukipita miaka 77, huo ulikuwa usaliti.

Tarehe 3 Novemba 1832 mzee alichapisha barua katika gazeti la Leipzig. Ndani yake aliwaita madaktari hao nusu-homeopati na kuwakana mbele ya watu wote. Hakuitisha mkutano wa chama, wala hakuwapa nafasi ya kujieleza mbele ya wenzao. Wagonjwa, wafadhili na wapinzani walisoma ugomvi huo gazetini siku moja na wanachama.

Hospitali ilifunguliwa tarehe 22 Januari 1833, Müller akiwa mkurugenzi wa kwanza. Hakukaa. Mwaka huo huo aliacha kazi, na baada yake wakurugenzi wakapokezana kwa haraka. Mwaka 1836 uongozi ulimfikia daktari mmoja aitwaye Fickel. Alikuwa ameandika vitabu kuhusu majaribio ya dawa, na watu walimsifu kwa kazi hiyo. Baadaye ikagunduliwa kwamba majaribio hayo aliyatunga. Alifukuzwa, na mwaka 1840 alitoa kitabu cha kuipinga homeopatia yenyewe. Mwaka 1842 hospitali ilifungwa, ikabaki kliniki ya wagonjwa wa kuja na kurudi.

Hahnemann mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka. Januari 1835 alimwoa Mélanie d'Hervilly, Mfaransa, na mwaka huo huo wakahamia Paris, ambako alifariki tarehe 2 Julai 1843.

Katika habari hiyo kuna makosa mawili ambayo chama chochote kinaweza kuyarudia. La kwanza ni kumwacha mwanzilishi na uwezo usio na mpaka, hata pale ambapo kazi za kila siku zimekwisha kupewa watu wengine. La pili ni kumweka mtu kwenye uongozi kwa sababu ya sifa zake, bila mtu yeyote kwenda kuangalia kama kazi anayosifiwa ilifanyika kweli. Hospitali haikuokoka na makosa hayo. Chama kiliokoka, kwa kuwa madaktari waliendelea kukutana kila mwaka, kwa miaka mingi ikiwa ni tarehe ile ile ya 10 Agosti, na mkutano ulikuwa na uwezo wa kuamua hata pale mzee alipokuwa amekasirika.

Kamati ya muda iliyokaa miaka mitatu

Mfano wa karibu zaidi na siku zetu unatoka India. Huko homeopatia inatambuliwa na serikali, inafundishwa vyuoni, na anayetaka kuitumia lazima aandikishwe. Sheria ya mwaka 1973 iliunda Baraza Kuu la Homeopatia, lililokuwa na kazi ya kusimamia masomo na daftari la madaktari hao.

Mei 2018 serikali ya India ililisimamisha baraza lote, kufuatia malalamiko juu ya mwenendo wake katika kusimamia vyuo. Mahali pake ikawekwa bodi ya muda. Ahadi ilikuwa kwamba baraza jipya lingeundwa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, muda ukaongezwa. Ukapita wa pili, ukaongezwa tena. Mwaka 2020 bunge lilipitisha sheria mpya, na Julai 2021 baraza la zamani likafutwa, mahali pake pakachukuliwa na Tume ya Taifa ya Homeopatia. Kamati ya mwaka mmoja ilikuwa imekaa miaka mitatu.

Sheria hiyo mpya iliweka masharti ya wazi kwa mwenyekiti wa tume. Lazima awe na digrii ya juu ya homeopatia na uzoefu usiopungua miaka 20, na ndani ya hiyo, miaka 10 au zaidi awe amekuwa kiongozi. Sheria ilieleza hata maana ya neno kiongozi: mkuu wa idara ama mkuu wa shirika.

Aliyeteuliwa mwenyekiti ni Anil Khurana. Mmoja wa waliokuwa wanatafuta kiti hicho, Amaragouda Patil, alikwenda mahakamani akisema kwamba Khurana hakutimiza ile miaka 10 ya uongozi. Jaji wa Mahakama Kuu ya Karnataka alikubaliana naye. Majaji wengine wa mahakama hiyo hiyo walitengua uamuzi huo. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya India, ambayo tarehe 12 Februari 2025 ilifuta uteuzi na kumpa mwenyekiti wiki moja aachie kiti, ili utaratibu wa kumtafuta mwingine uanze upya.

Mahakama haikuulizwa kama Khurana alikuwa daktari mzuri ama mbaya. Iliulizwa kama masharti yaliyoandikwa yalifuatwa. Kwa sababu masharti yalikuwa kwenye karatasi, mtu aliyeona kasoro alipata mahali pa kwenda na kitu cha kuonyesha. Mahali ambapo masharti yako kichwani mwa wazee watatu, mtu kama huyo angeambiwa tu kwamba ana wivu.

Kikombe kisicho na mrithi

Kuna pia mfano wa mganga aliyekuwa na umaarufu bila chama, na wengi mashariki mwa Kongo waliusikia wakati wake. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila alikuwa akiwapa watu kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania. Alisema dawa hiyo inaponya magonjwa sugu, pamoja na UKIMWI na kisukari. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na watu walitoka hata nchi za jirani. Wagonjwa wengine walifia njiani, na wengine waliacha dawa zao za hospitali.

Babu wa Loliondo alifariki Julai 2021. Foleni ilikuwa imekwisha kitambo. Kila kitu kilikuwa kimesimama juu ya jina lake: dawa, bei na imani ya watu. Aliyekunywa kikombe na asipone hakuwa na chama cha kukiuliza.

Tanzania hiyo hiyo tayari ilikuwa na njia nyingine. Sheria namba 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lenye msajili anayeandikisha waganga wa kienyeji na wale wa tiba mbadala, homeopatia ikiwa ndani. Msajili mmoja akiondoka, anayefuata anakuta daftari mezani. Baraza halizuii kila kosa, kama Loliondo ilivyoonyesha, lakini linaacha alama ya kufuata.

Sheria ya Kongo inataka nini

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikosi sheria za kuanzia. Ordre des médecins iliundwa kwa amri-sheria ya tarehe 1 Machi 1968. Daktari hawezi kufanya kazi kihalali bila jina lake kuandikwa kwenye orodha yake, na chama hicho kina baraza la taifa na mabaraza ya majimbo. Sheria ya Desemba 2018 juu ya afya ya watu inataja pia tiba ya asili. Shirika la Afya Duniani kwa upande wa Afrika lilipitisha mpango wake wa tiba ya asili Ouagadougou tarehe 31 Agosti 2000, na tangu mwaka 2003 tarehe hiyo ni Siku ya Tiba ya Asili ya Afrika.

Kwa vyama vyenyewe, sheria ya msingi ni ile namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayosimamia vyama visivyo vya faida. Chama kinachotaka kutambuliwa lazima kiwe na katiba iliyoandikwa. Katiba hiyo ieleze jina na makao ya chama, kazi yake, namna viongozi wanavyochaguliwa na uwezo walio nao. Lazima pia kuwe na tangazo lililosainiwa na wanachama walio wengi, likitaja wale waliopewa kazi ya kuongoza. Utambulisho wenyewe unatolewa na waziri wa sheria, baada ya wizara inayohusika na kazi ya chama kutoa maoni yake.

Sahihi hizo za wanachama walio wengi zina maana kubwa kuliko inavyofikiriwa. Kwa macho ya sheria, rais wa chama anatoka kwa wanachama. Hakuirithi nafasi hiyo kwa baba yake, na hawezi kumwachia mtoto wake kama shamba. Ujuzi wa majani unaweza kupita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, ama kwa shangazi kwenda kwa mpwa, na hakuna sheria inayokataza. Kiti cha rais ni kitu kingine.

Kutambuliwa kwa chama hakumfanyi mwanachama kuwa daktari. Karatasi ya wizara ya sheria inasema kwamba chama kipo. Haisemi kwamba dawa ya mwanachama fulani inaponya. Mgonjwa anayeonyeshwa karatasi hiyo ukutani ana haki ya kuuliza karatasi nyingine.

Kwa nini wazee hawaachii

Ni rahisi kumlaumu rais anayekaa miaka mingi. Lakini mara nyingi ana sababu ambazo wanachama wenyewe wamemtengenezea. Michango hailipwi, naye ametoa feza za mfukoni kwa safari, kwa karatasi na kwa kuwapokea wageni. Akiondoka, nani atamrudishia? Heshima yake kijijini imeshikamana na cheo. Na kama hesabu hazikuandikwa vizuri tangu mwanzo, hata mtu mwaminifu anaogopa siku ya kuulizwa.

Kila sababu hapo ina dawa yake. Feza alizotoa ziandikwe kama deni la chama siku alipozitoa, zikiwa na tarehe na sahihi ya mhazini. Heshima ilindwe kwa cheo kisicho na muhuri: mzee awe rais wa heshima, aketi mbele, asikilizwe, lakini asisaini. Hesabu zisomwe kila mwaka, ili mwaka wa kuondoka usiwe mwaka wa kwanza wa maswali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa chama cha waganga mali hiyo ni pamoja na majina ya watu na siri za wagonjwa.

Wanaobaki nao wana hofu zao. Wanaogopa kwamba mpya ataleta ndugu zake, atabadilisha bei ya kadi, atawafukuza waliomuunga mkono mwenzake. Hofu hiyo hupungua katiba ikisema wazi muda wa uongozi ni miaka mingapi, mtu anaweza kurudi mara ngapi, na nani anashika nafasi rais akifariki kabla ya muda. Kuhusu hilo la mwisho, India imeonyesha hatari yake: kamati ya muda lazima ipewe tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ikifika bila uchaguzi, mkutano mkuu ukutane wenyewe.

Vitu vya kuweka mezani siku ya kukabidhi

Siku ya kubadilisha uongozi, hotuba na chakula vina nafasi yake. Kabla ya hapo kuna vitu ambavyo vinapaswa kuwekwa mezani mbele ya mashahidi, kimoja kimoja, na kuandikwa kwenye karatasi inayosainiwa na anayetoka na anayeingia.

Cha kwanza ni daftari la wanachama: nani yuko, anatibu nini, alijifunza kwa nani, tangu lini, na nani alisimamishwa. Cha pili ni muhuri na karatasi za utambulisho. Muhuri ukibaki mfukoni mwa aliyetoka, chama kitakuwa na marais wawili kabla ya mwezi kwisha. Cha tatu ni hesabu: feza zilizomo kwenye kasha, deni, na vitu vya chama kama viti ama pikipiki.

Cha nne husahauliwa kuliko vyote. Ni malalamiko ambayo hayajaisha. Mama aliyelalamika kwamba mtoto wake alipewa dawa mbaya hakulalamika kwa rais kama mtu. Alilalamika kwa chama. Rais mpya anarithi shauri lake. Kama faili haikukabidhiwa, mama huyo anaanza upya, ama anaacha, na mganga aliyekosea anaendelea na kazi yake kijiji cha pili.

Cha tano ni mipaka ya kazi. Kila chama cha waganga kinapaswa kuwa na orodha ya hali ambazo mwanachama hatibu, anatuma hospitalini. Juu ya homeopatia, Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo mwaka 2009 kwamba isitumiwe kutibu malaria, kifua kikuu, UKIMWI, mafua makali ya influenza wala kuharisha kwa watoto wachanga. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilisema halikupata ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopatia inautibu. Mei 2022 mkutano wa madaktari wa Ujerumani, nchi ilikozaliwa, ulipiga kura kuiondoa kwenye orodha ya masomo ya ziada yanayompa daktari cheo.

Onyo hilo la malaria linagusa Obokote moja kwa moja, hata kama hakuna aliyewahi kuona dawa za Hahnemann huko. Mtoto mwenye homa kali anayechelewa siku tatu kwa mganga yeyote, wa majani ama wa chupa, anaweza kufika hospitali ya Lubutu akiwa amechelewa. Kama rais wa zamani alikuwa amekubaliana na daktari mkuu wa zoni ya afya kwamba watoto wa namna hiyo wapelekwe siku hiyo hiyo, makubaliano hayo lazima yaandikwe. Yakiwa ni maneno ya watu wawili waliofahamiana, yanaondoka pamoja nao.

Nani ashuhudie

Vyama vingi hufanya uchaguzi wanachama wakiwa peke yao, na ugomvi ukitokea hakuna mtu wa nje aliyeona. Hakuna gharama kubwa kumwalika mkuu wa sekta ama mtu anayemwakilisha, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, na wawakilishi wa mashirika ya kiraia. Hawapigi kura. Wanaona daftari likitoka mkono mmoja na kuingia mwingine, na wakiulizwa kesho wanaweza kusema walichoona. Nakala moja ya karatasi ya makabidhiano ikibaki ofisi ya sekta na nyingine ikitumwa Kindu, nyumba ya rais ikiungua ama akilazimika kukimbia, chama hakipotezi kila kitu. Katika eneo ambalo familia nyingi zinajua kukimbia ni nini, tahadhari hiyo ina faida ya wazi.

Wanachama wapya nao wafundishwe mapema. Katibu akifanya kazi na naibu wake mwaka mzima, naibu akijua kusoma hesabu, na vijana wakipewa nafasi ya kuongoza mkutano mdogo, uchaguzi unapofika watu wanachagua kati ya waliowaona wakifanya kazi. Leipzig walimchagua Fickel kwa vitabu vyake, na hakuna aliyekuwa amekwenda kuangalia.

Mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba. Kwa chama cha waganga wanaoyumba kwanza ni wagonjwa, ambao hawana kadi wala kura. Kwa hiyo wakaaji wa Obokote wakisikia kwamba waganga wao wamepata kiongozi mpya, wana haki ya kumpongeza, kisha kumwomba awaonyeshe daftari.